Maneno ya Mzee wa Darajani

Gego alikuwa na dharau kama wengine walivyo na presha: anaamka nayo, analala nayo, na hakuna dawa iliyowahi kumsaidia. Alimdharau mlinzi wa mchana kwa kusinzia, akamdharau mlinzi wa usiku kwa kujifanya hasinzii. Aliyekuwa mume wake, siku anafungasha nguo, alisema kuishi na mwanamke yule ni kufanya mtihani kila siku na kila siku kufeli. Gego akamjibu kwamba tatizo si mtihani, tatizo ni mwanafunzi. Ndoa ikaishia hapo, na sidhani kama mwanamke alikosa usingizi hata usiku mmoja.

Jina la Gego alipewa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Msije mkamwita daktari. Daktari yuko chumba cha mbele, ana koti jeupe na kiti kinachopanda na kushuka. Yeye ndiye anayechukua chapa ya ufizi wa mgonjwa. Chapa ikishakauka inapelekwa chumba cha nyuma, na huko ndiko aliko Gego, anamimina plasta, anayeyusha nta kwenye taa ya spiriti, anapanga jino baada ya jino kwa kisu kidogo, kisha anasaga na kung'arisha mpaka vumbi linamjaa kwenye nyusi. Na wateja, mungu wangu, wote wanataka kitu kimoja: meupe, yaliyolingana. Bibi wa miaka themanini anataka meno ya msichana wa tangazo la sabuni. Gego hakubali. Hupinda jino moja la pembeni, akalitia umanjano kidogo, kwa sababu meno yakinyooka mno mtu akicheka watu wanayaangalia meno, hawamwangalii yeye.

"Mbona hili limepinda?" mteja huuliza.

"Limepinda kwa sababu wewe ni mtu," Gego hujibu, na mlango hufungwa.

Basi siku moja, katikati ya wiki, amekaa anadondosha nta kwenye ufizi wa mstaafu mmoja, simu ikalia. Alikuwa kaka yake. Kaka yake wa pekee, mkubwa kwake kwa miaka minne, dereva wa kijiko, yale matrekta makubwa yanayochimba misingi ya majengo, na kwa hiyo dunia nzima ilimwita Kijiko. Kijiko hakuwahi kujifunza kwamba simu ina kipaza sauti. Aliongea kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya shimo.

"Daktari!"

"Mimi si daktari, Kaka. Nimekwambia mara ngapi?"

"Haya, Daktari, sikiliza. Limerudi!"

"Kimerudi nini?"

"Gemu letu! Lile la darajani! Wamelitengeneza upya, picha safi, wanaongea kwa midomo yao wenyewe! Nimeliona kwa kijana mmoja pale saiti, nikasema leo hiihii nanunua, na mashine yake nimenunua. Jumapili uje, mdogo wangu. Bila wewe halina maana."

Gego akakunja pua. Mtu mzima na mvi zake, ana mke, ana watoto, anapiga makelele mchana kweupe kwa ajili ya gemu. Shikamoo utu uzima!

"Una miaka mingapi vile?" akamuuliza.

"Acha hizo. Ni kwa ajili ya watoto." Sauti ya Kijiko ikashuka kidogo, kwa maana kwamba ilisikika chumba kimoja badala ya viwili. "Unajua hawasemeshani?"

Gego hakujua, akaelezwa. Mtoto wa kwanza wa Kijiko, kijana anayeitwa Mrefu kwa sababu zinazoonekana, ndiye aliyekuwa akimpeleka mdogo wake shule kwa baiskeli na kumrudisha. Mdogo mwenyewe ni Kitinda, wa mwisho kuzaliwa. Wenzake Mrefu wakaanza kumtania, wakamwita yaya. Siku moja ya mvua akamshusha mdogo wake barabarani, akamwambia ngoja hapa nakuja, akaondoka na wenzake moja kwa moja. Mtoto akangoja chini ya baraza la duka mpaka duka likafungwa, kisha akatembea mwenyewe mpaka nyumbani, viatu mkononi, kalowa chapachapa. Tangu siku hiyo wanapishana kwenye korido kama wapangaji.

"Nimesema mpaka mate yamekauka," akasema Kijiko. "Mrefu ananijibu eti kila mtu na lake. Kila mtu na lake, Daktari! Ndani ya nyumba yangu! Sasa nataka wamsikie yule mzee. Yale maneno yake pale darajani. Nikiyasema mimi wanacheka, wanasema Baba ameanza. Akiyasema mzee mwenyewe kwa mdomo wake, wataamini. Watoto wa siku hizi wanaamini kioo."

Nta ikamdondokea Gego kidoleni. Hakusema hata aa.

"Upo?" Kijiko akauliza.

"Nipo."

"Basi Jumapili. Wifi yako anapika."

Sasa, ili mjue kwa nini fundi mwenye mikono mizoefu aliungua kidole, inabidi turudi kwa kinyozi. Mtaani kwao walikokulia palikuwa na kinyozi mwenye televisheni moja na mashine moja ya gemu. Chumba cha nyuma aliwaachia vijana wanaosubiri kunyolewa, na kwa huruma yake hata waliokwisha kunyolewa na wasio na nywele. Gemu lililopendwa kuliko yote lilikuwa la hadithi: kijana mwenye koti refu anatembea nchi nzima na mdogo wake, wanaitafuta kengele ya mji wao iliyoibwa. Shida ilikuwa moja. Gemu za wakati ule watu hawakuongea. Maneno yaliandikwa chini ya picha, Kiingereza kitupu, na vijana wale, hodari wa kuruka na kupiga upanga, Kiingereza kiliwapiga chenga wote, na Kijiko kilimpiga chenga zaidi.

Kwa hiyo kulikuwa na kazi ya msomaji. Msomaji anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na kioo, anasoma na kutafsiri papo hapo, tena kwa sauti za wahusika: mzee kwa sauti nzito, mchawi kwa puani. Bila msomaji gemu ni mtu mwenye koti anayezurura tu. Msomaji wa pale alikuwa Gego, kitoto cha miaka kumi na miwili kinachoongoza darasa na kinachojua kwamba kinaongoza. Kaka yake ndiye aliyemleta, na kaka yake ndiye aliyeshika pedi ya kwanza ya kuchezea, ile ya kijana mwenye koti.

Pedi ya pili ilikuwa ya yule mdogo, na ilishikwa na kila mtu isipokuwa Gego. Mshona viatu aliishika. Kijana mwenye kidole gumba kibovu aliishika. Aliishika hata mpita njia aliyeingia kuuliza choo. Gego akinyoosha mkono, wale wavulana wanamwambia, "Wewe soma." Kaka yake hakusema hivyo, lakini kaka yake macho yalikuwa kwenye kioo na mdomo wazi, hata nyumba ingeungua asingejua. Gego akasoma. Alikuwa anawachukia wote, chumba kizima, kwa moyo mmoja na bila upendeleo.

Ndipo siku moja wakafika darajani. Baba wa wale watoto wa kwenye gemu, mlinzi wa kengele, amejeruhiwa, amelala kwenye matope mwanzoni mwa daraja la kamba. Akafungua mdomo, au tuseme vile vimraba vinne vya uso wake vikatikisika, maana mdomo hakuwa nao. Maneno yakatokea chini. Gego akayasoma kimoyomoyo: Daraja halibebi wawili. Mwache mdogo. Vuka peke yako. Kisha gemu likaweka mbele ya mchezaji njia mbili achague: kuvuka, au kumshika mdogo mkono.

Gego akapiga hesabu yake haraka. Mdogo akiachwa, pedi ya pili imekufa, na zamu ambayo amekuwa akiitamani muda wote huo imekufa nayo. Akasafisha koo. Kwa sauti nzito ya mzee anayekata roho, akasema:

"Mwanangu, daraja hili mtu havuki peke yake. Mshike mdogo wako mkono, mdogo wako wa damu, mvuke pamoja."

Kijiko alikuwa ametokwa na machozi, mjinga yule, na hakuyafuta. Akageuka, akampokonya mshona viatu pedi ya pili, akampa Gego. "Mzee kasema wa damu," akawaambia wenzake. Wakavuka. Mbao zinakatika moja moja, mdogo anaruka, kaka anamdaka, mpaka wakatua ng'ambo, na mayowe yaliyopigwa yalimfanya kinyozi amkate mteja sikio kidogo. Mnaona basi, daraja liliwabeba. Gemu lilikuwa limeificha njia ile kwa watu wakaidi, maana nani asiyemtii baba anayekufa?

Lingeishia hapo lingekuwa jambo la utundu wa utoto tu. Lakini baada ya muda baba yao wa kweli akafariki. Baba wadogo wakakaa sebuleni, vichwa chini, wakasema uwezo wao ni kusomesha mmoja. Macho yote yakamwendea Kijiko: mtoto wa kiume, mkubwa, amebakiza mwaka mmoja amalize. Kijiko akasimama. Akasema, "Mtu havuki peke yake. Huyu ana kichwa, mimi nina mabega. Asome yeye." Jumatatu yake akaenda kuchimba mitaro kwa sururu, na sururu ndiyo iliyomfikisha kwenye kijiko. Asubuhi, kabla ya mitaro, alimpeleka mdogo wake shule kwa baiskeli, mvua na jua.

Gego siku hiyo alikuwa pembeni ya sebule na sinia la glasi. Alijua maneno yale yametoka wapi. Alijua, akanyamaza, kwa sababu alitaka kusoma.

Mngetegemea mtu wa namna hiyo aje kumheshimu kaka yake mpaka kiama. Thubutu! Alimdharau kuliko wote. Mtu aliyekubeba mgongoni ni rahisi kumdharau, maana uso wake huuoni, unaona kisogo tu. Alidharau kelele zake, alidharau anavyopuliza chai, alidharau anavyomtambulisha kwa watu, "Dada yangu daktari," na shati limefungwa vifungo pabaya. Alimwona zuzu. Na ilimbidi amwone zuzu, kwa sababu kama Kijiko ni zuzu, basi kilichomtoa shule ni uzuzu wake mwenyewe. Kama si zuzu, aliyemtoa shule ni Gego.

Jumapili akaenda na silaha aliyoizoea. Mpango ulikuwa mwepesi: ataliponda lile gemu tangu picha ya kwanza, ataliponda mpaka kila mtu aone aibu kulitazama, watalizima kabla ya daraja, watakula, ataaga.

Sebule ya Kijiko ilikuwa ya Kijiko. Makochi bado yamevaa nailoni ya dukani, mwaka wa tatu huo, ukikaa yanalalamika. Televisheni imeziba dirisha, kwa hiyo mchana taa inawashwa. Mrefu amekaa mwisho huu wa kochi, Kitinda mwisho ule, katikati pangetosha kabati.

"Shikamoo, Shangazi," akasema Mrefu.

"Shikamoo, Shangazi," akasema Kitinda, baada ya kuhakikisha ya mwenzake imekwisha.

"Marahaba. Mnaniamkia kwa zamu kama mko kwenye foleni ya maji?"

Kijiko amekaa chini sakafuni, miguu kaikunja, kitambi kimetulia mapajani, pedi mkononi. Hakuinuka. "Daktari, kaa hapa karibu na kioo, sehemu yako!" Na kweli alikuwa ameweka kigoda. Wifi akachungulia kutoka jikoni, akasema karibu wifi yangu, akamtazama mumewe pale chini, akarudi jikoni akitikisa kichwa.

Gemu likaanza, na Gego naye akaanza.

"Hilo koti limetoka dobi?"

"Picha safi, Daktari! Ona nyuzi!"

"Mtu ametembea nchi nzima kwa miguu, koti halina hata tone la tope. Na nywele! Nani aliyeomba nywele zihesabike? Anatafuta kengele au anatafuta mchumba?"

Mrefu akacheka. Kitinda naye akacheka. Wakasikiana wanacheka pamoja, wakanyamaza wote wawili kwa mpigo.

"Na hiyo mvua imeoshwa," Gego akaendelea, maana akishika kasi hana breki. "Zamani mvua ilikuwa mistari, ukawa unahisi baridi mwenyewe. Sasa wamekuwekea kila tone na mng'ao wake, na huhisi kitu. Halafu tazama huyo askari anavyocheka. Tazama meno! Askari wa porini, hana mswaki, hana maji, ana meno kama sinki la dukani. Mimi mtu akiniletea kazi kama hiyo namrudishia na kalibu lake la plasta."

"Shangazi, ni gemu tu," akasema Kitinda.

"Ndiyo maana. Uongo unatakiwa ufanywe na mtu anayeujua."

Akajisikia vibaya kidogo baada ya kusema hivyo, lakini hakuna aliyeona.

Mshale wa dhahabu ukatokea juu ya njia, ukawa unawaka na kuzima.

"Huo nao nini?"

"Unaonyesha pa kwenda," akasema Mrefu.

"Sisi daraja tulilitafuta wiki nzima! Tulipotea mpaka kinyozi akaota ndoto!"

"Ndiyo maana wameweka mshale, Shangazi."

Kijiko alicheka mpaka nailoni ya makochi ikaitikia. Alikuwa na furaha yule mtu, furaha ya kutia kichefuchefu. Kila alichokiponda dada yake yeye alikipenda mara mbili. Na mshale ukawa unawavuta, kilima hiki, mto huu, hakuna kupotea, hakuna kuuliza, na Gego akaona kwamba kwa mwendo ule daraja litafika kabla ya chakula.

"Kaka, hili si lile," akasema. "Wamelipiga msasa mpaka mfupani. Zima tule."

"Bado hatujafika darajani."

"Basi nipe nijaribu kidogo."

Kijiko akampa pedi kabla hajamaliza kusema. Gego akamgeuza kijana mwenye koti, akampeleka kinyume na mshale, akamtumbukiza mtoni kwa makusudi. Mara kioo kikawa cheusi, kikawaka, na kijana huyo amesimama njiani palepale, mkavu, mshale juu ya kichwa. Akamtumbukiza tena. Akarudishwa tena. Gemu la siku hizi halimruhusu mtu hata apotee kwa raha zake!

"Shangazi hujui," akasema Mrefu.

"Najua kuliko wewe. Hakuna kitufe cha kuruka maneno? Nani ana muda wa kusikiliza watu wanaobwabwaja?"

"Maneno ndiyo niliyonunua mimi," Kijiko akasema, akachukua pedi yake taratibu.

Gego akabakiwa na Mungu na shirika la umeme. Akaomba ukatike. Umeme, ambao hukatika ukiwa na nyama kwenye friji, ambao hukatika ukiwa na mgeni chooni, siku hiyo ulitulia kabisa, haukutikisika hata taa.

Wakafika.

Daraja lile lile la kamba, ila sasa kila uzi unaonekana. Mzee yule yule kwenye matope, ila sasa ana uso, ana makunyanzi, ana jasho. Akafungua mdomo, na Gego hata katika hofu ile hakuweza kujizuia kuona: mzee wa miaka sabini, amechomwa mkuki, anakufa, na meno yote mdomoni, meupe pe. Kijiko akanyanyua mkono watu wanyamaze. Alikuwa keshaanza kulengwalengwa na machozi.

Sauti ikatoka, nzito, ya kupendeza, sauti ya mtu aliyeajiriwa kuhema. Ikasema maneno machache ya Kiingereza, ikakoma. Zile njia mbili zikajitokeza kwenye kioo, zikisubiri.

Kijiko akawageukia watoto. "Mmesikia? Mmemsikia mzee?"

Wote wawili wakazitazama zile njia mbili.

"Kitinda, wewe Kiingereza unakijua. Mwambie kaka yako mzee kasema nini."

Kitinda akakitazama kioo, akamtazama baba yake. "Baba... amesema daraja halibebi wawili."

"Enhe?"

"Amesema mwache mdogo. Vuka peke yako."

"Hapana. Hukusikia vizuri. Mrefu, rudisha nyuma."

Mrefu akarudisha. Mzee akafa mara ya pili, kwa maneno yale yale.

"Ndivyo alivyosema," akasema Mrefu, na kicheko kidogo kikamponyoka. "Mwache mdogo. Si mimi, Baba. Ni mzee wako huyo."

Kitinda akainamisha kichwa, akawa anachuna nailoni ya kochi kwa ukucha.

"Wamebadilisha," Gego akasema. Sauti yake ilitoka vizuri, yenye dharau ya kutosha. "Si nimewaambia tangu mwanzo? Wamegusa koti, wamegusa mvua, mtashangaa wakigusa maneno? Wameharibu kila kitu."

"Ahaa!" Kijiko akapumua kama mtu aliyetua gunia. "Mnaona! Wamebadilisha! Shangazi yenu ndiye aliyesoma, yeye ndiye anajua. Ile ya zamani haikuwa hivi."

Lakini Mrefu alikuwa na simu mkononi, na vidole vya kizazi chake. Haikuchukua muda. Kuna watu duniani hawana kazi, wamerekodi gemu la zamani lote, kipande kwa kipande, wakaliweka huko. Akakinyoosha kioo cha simu. Palikuwa na matope ya kahawia, na vimraba vinne vya uso, na maneno chini.

"Shangazi, na hii je?" akauliza. "Maneno ni yale yale."

Kijiko akaichukua simu, akaiweka mbali na macho, kama wafanyavyo watu ambao macho yameanza kuchoka. Akaitazama sana. Hakuweza kuyasoma siku ile na hakuweza kuyasoma sasa, lakini mzee alimtambua. Kisha akamtazama dada yake. Gego akaitafuta dharau yake, ya kumpiga nayo Mrefu, au simu, au watu wasio na kazi, na haikuja. Alikuwa anaogopa, na safari hii alijua kwamba anaogopa.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Kwa hiyo, Baba," akasema Mrefu polepole, maana alikuwa hajui bado kama anacheka au hacheki tena, "siku ile mbele ya kina babu wadogo, ile unayotusimulia kila siku... uliacha shule kwa maneno aliyotunga Shangazi?"

"Nyamaza wewe."

Alilisema kwa sauti ya chini. Nyumba ile haikuwahi kuisikia sauti ya chini ya Kijiko, na Mrefu akakaa wima.

"Mzee kasema halibebi wawili?" Kijiko akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Basi mzee alikosea. Mimi nilivuka na mdogo wangu, mbao zinakatika, na tulifika ng'ambo wote wawili. Mtaa mzima ulikuwepo. Kesho utamchukua mwenzako kwa baiskeli, utamfikisha, utamrudisha. Na nikisikia umemwacha tena barabarani, utaonana na mimi, huyo mzee hatakusaidia."

"Sawa, Baba," akasema Mrefu, na hakukuwa na kicheko tena. Kitinda aliacha kuchuna nailoni.

Kijiko akairudisha simu. Akajivuta pale sakafuni mpaka akafika karibu na kigoda cha dada yake, akawa anamtazama kutoka chini. Hakuwa amekasirika. Gego angeshukuru kama angekasirika.

"Lakini dada," akasema, "kwa nini?"

Gego, aliyekuwa na jibu la kila mtu na la kila kitu, alifungua mdomo likatoka moja tu, la kitoto.

"Nilitaka zamu, Kaka. Nilitaka na mimi nishike."

Kijiko akashangaa. Alishangaa kweli, uso mzima, kama mtu aliyeelezwa kwamba mlango ameuacha wazi miaka yote, na bado kuna mtu amekuwa akiingilia dirishani.

"Si ungeniomba tu?" akasema. "Mimi nimewahi kukunyima nini?"

Gego akatafuta. Alitafuta tangu utotoni mpaka Jumapili ile, kwa macho yale yale makali yanayoona jino lililopinda kutoka ng'ambo ya barabara, na hakuona hata kitu kimoja.